Saini Arobaini na Tano Bila Donati

Kelby, Vermont
20 Novemba 2010

Kwako binti yangu Delphine,

U hali gani huko Ohio? Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo limejianzishia maisha yake tangu niache kuendesha lori la magogo. Theluji ya kwanza ilianguka jana. Paa halivuji. Mbwa anakusalimu.

Sasa sikia. Winnie Stowell ameshindwa. Nesi wetu wa shule, yule aliyekufunga plasta mkono ulipodondoka ghalani ukiwa na miaka tisa, aligombea kiti katika bunge la jimbo akakosa kwa kura thelathini na moja. Unajua kilichomwangusha? Tangazo la televisheni. Wiki tatu mfululizo, kila nikikaa kula, uso wake huo hapo, wameupaka ukijivu kama wa maiti, na sauti inauliza: "Winifred Stowell anawaficha nini watoto wetu?" Anaficha nini? Anaficha peremende kwenye droo, za kuwapa wanaolia wakichomwa sindano. Waliolipia ni kikundi kisicho na uso wala anwani, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga Kelby.

Mimi baba yako nimeendesha lori majimbo thelathini na nane, nimekula na polisi, nimekula na wezi, mara nyingine meza moja, na sijaona kitu kama hiki. Mahakama Kuu imesema mwaka huu kwamba kumwaga fedha kwenye uchaguzi ni sawa na kusema, na kusema hakuwekewi kikomo. Basi mimi mwenye mdomo mkubwa kuliko wote wilayani nimegeuzwa bubu na watu wenye pochi.

Dawa yake ni kurekebisha Katiba. Nimeamua kuirekebisha. Naanzia mkutano wa mji, ule ambao wakazi wenyewe hupiga kura ukumbini kila Jumanne ya kwanza ya Machi. Nikipata saini arobaini na tano za wapiga kura kabla ya tarehe 13 Januari, karani wetu Bettina hana budi kuliweka swali kwenye ajenda: Je, Kelby inaomba Katiba ya nchi irekebishwe ili fedha za kampeni ziwekewe kikomo?

Wewe kazi yako ni matangazo. Lile alilitengeneza nani?

Baba yako,
Armand


Columbus, Ohio
3 Desemba 2010

Shikamoo Baba,

Nafurahi paa halivuji. Hilo goti lipeleke kwa daktari, usilipeleke baa. Mimi sijambo, ni kazi tu zimenielemea.

Baba, unajua Katiba inarekebishwaje? Theluthi mbili za mabaraza yote mawili ya Bunge, kisha majimbo thelathini na nane yaridhie. Kelby haina hata taa moja ya barabarani. Hata mkikubaliana wote, itakuwa ni barua ya kuomba tu, itakwenda kulala kwenye droo ya mtu. Kavue samaki kwenye barafu kama wazee wenzio.

Mpe Winnie pole.

Mwanao,
Delphine


Kelby
19 Desemba 2010

Delphine mwanangu,

Natumaini unakula vizuri, maana maandishi yako yamekonda. Mimi nimenenepa kwa sifa.

Majimbo thelathini na nane, umesema? Ndiyo hayo hayo niliyoyaendeshea. Njia naijua.

Na saini nimezipata. Sitini na moja, Jumamosi mbili tu. Nilisimama getini pa dampo la taka, mahali ambapo kila mtu wa Kelby hufika, awe tajiri au mlevi. Siri yangu ni donati. Nimezikaanga mwenyewe kwa mapishi ya mama yako, zikatoka za moto, mdalasini juu. Mtu anashusha mifuko yake, ananusa, anasogea. Saini, donati. Saini, donati. Harlan Pike, yule mfugaji mbishi, alisaini akataka kusaini tena. Bettina kazipokea karatasi, kasema hajapata kuona kazi ya haraka hivyo.

Ila swali langu hukulijibu. Ulipovunja kioo cha kanisa pia ulianza kuniuliza habari za afya.

Baba yako


Columbus
28 Desemba 2010

Baba,

Shikamoo. Sina cha kuzungushia.

Tangazo ni letu. Ule ukijivu si kazi yangu, lakini lile swali nililiandika mimi. Lilinichukua dakika kumi, kisha nikaenda kula. Nilijua ni Winnie yupi. Nilijiambia nisipoliandika mimi ataliandika wa meza ya pili, na yeye ataandika baya zaidi.

Haya, na mimi nikuulize. Katika hao sitini na mmoja, wangapi walisaini Katiba na wangapi walisaini donati? Ofisi yetu inaweka kitu kitamu mbele ya mtu aliyechoka ili asifikiri sana. Na wewe getini ulikuwa unafanya nini? Tofauti yetu ni bei tu, Baba.

Mwanao, kama bado unanitaka,
Delphine


Kelby
14 Januari 2011

Delphine,

Kwanza, hilo la "kama bado" usiliandike tena. Pili, mimi mzima. Tatu, nilikaa na barua yako siku mbili sikusema hata na mbwa, na unajua mimi si mtu wa kunyamaza, hata kwa daktari wa meno nasema.

Tarehe 5 nilikwenda kwa Bettina. "Nirudishie karatasi zangu."

"Armand, saini zimetimia na kuzidi."

"Nirudishie. Zina sukari."

Nilizitia jikoni kwenye moto. Zikabaki siku nane. Nikaenda mlango kwa mlango, baridi ya kugandisha mate, mkono mmoja kalamu, mwingine nimeshika goti. Harlan Pike alifungua akachungulia nyuma yangu.

"Donati iko wapi?"

"Leo hakuna donati. Leo kuna Katiba."

"Mwezi jana ulikuwa na akili zaidi," akasema, akafunga mlango.

Wengi walikuwa hivyo, mwanangu. Wengine nilikaa nao saa nzima, wakaniuliza maswali ambayo getini hakuna aliyeniuliza. Jana saa kumi jioni nilikuwa na majina arobaini na manne. Ofisi inafungwa saa kumi na moja. Nyumba iliyobaki njiani ilikuwa moja, nayo nilikuwa nimeipita mara sita bila kupunguza mwendo.

Winnie alinikaribisha ndani. Sikukaa. Nilimwambia, "Kabla hujashika kalamu. Lile swali la kwenye televisheni aliliandika binti yangu."

Birika likapiga kelele hadi akakumbuka kulizima. Akasema, "Yule mwenye mkono?"

"Yule."

"Mwulize kama bado unamuuma wakati wa baridi. Niliufunga kwa haraka siku ile, haukunyooka vizuri." Kisha akasaini. Alibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka, kwa hiyo sisemi amekusamehe. Nasema amesaini. Nilimkuta Bettina kavaa koti, akazipokea.

Machi mkutanoni wataniuliza nani aliliandika lile swali, na sitadanganya. Ila ningependa wasikie kutoka kwako. Sikulazimishi.

Baba


Kelby
13 Februari 2011

Mwanangu,

Hujambo? Mwezi umepita kimya. Niandikie hata kunitukana. Theluji imefika dirishani.

Baba


Columbus
23 Februari 2011

Shikamoo Baba,

Nilianza kukuandikia mara nne. Bado niko kazini. Hiyo karatasi ya pili humu ndani ni maneno yangu kwa mkutano; ikisomwa sidhani kama nitabaki. Isome hivyo hivyo, usiongeze utani.

Mwanao


Kelby
2 Machi 2011

Delphine wangu,

Salamu kutoka kwa mtu asiye na sauti. Nimekauka koo, na safari hii nimeitolea jasho.

Ukumbi ulijaa. Tulibishana saa nzima kuhusu bei ya changarawe, tukala maharage na pai, ndipo mwenyekiti akafika kwenye swali letu. Nikasimama na karatasi yako. Harlan akaruka.

"Mwenyekiti, asiye mkazi hana ruhusa ya kusema hapa. Huyo yuko Ohio. Si ndicho Armand anachopinga, watu wa nje kutujazia maneno?"

Watu wakacheka, na kusema kweli ana haki. Ndiyo sheria yetu: mtu wa nje husema tu theluthi mbili za mkutano zikikubali. Nilikuwa nakunja karatasi Winnie aliposimama.

"Msichana huyu alisema sebuleni kwangu wiki tatu bila kuniomba ruhusa," akasema. "Leo ameomba. Mimi nampa."

Mikono ikapanda. Mwenyekiti hakuhitaji hata kuhesabu.

Nikasoma. Unajua nasoma kama ng'ombe anayepanda ngazi, na shule niliiacha darasa la nane, lakini sikuruka neno. "Naitwa Delphine Quesnel. Niliandika swali kuhusu Winifred Stowell nikijua hakuna alichokificha. Walioilipa ofisi yetu hata mimi sikuwahi kuambiwa majina yao. Ningeandika lolote. Hakukuwa na kikomo, na mimi mwenyewe sikujiwekea." Nikaikunja karatasi, nikakaa.

Kura ya sauti haikueleweka, ndiyo na hapana zilikuwa na mapafu sawa. Wakadai tuhesabiwe kwa kusimama. Tisini na nne ndiyo, sabini na moja hapana. Harlan alisimama na hapana, kidevu juu, kisha akaja kuniuliza: sasa kura zimekwisha, donati zitarudi lini?

Barua ya Kelby imetumwa. Inaweza kulala kwenye droo, kama ulivyosema. Basi droo hiyo tutaijaza. Jumamosi naenda mji wa jirani kuwafundisha.

Humu nimekutilia karatasi tupu ya saini. Mimi siwezi kuisaini, si mkazi wa huko.

Baba yako anayejivuna,
Armand


Columbus
2 Aprili 2011

Shikamoo Baba,

Natumaini koo limepona. Kazi iliisha tarehe 11 Machi, nilipewa boksi la kubebea vitu vyangu. Usihuzunike, nina afya.

Mwambie Winnie ndiyo, mkono bado unauma wakati wa baridi. Leo umeuma tangu asubuhi, maana nimesimama nje ya maktaba na ile karatasi yako saa tano nzima. Mmoja alinitukana. Wawili walivuka barabara waliponiona. Bibi mmoja alinihoji dakika arobaini, kisha akasema atakwenda kufikiri.

Nimepata majina tisa. La kwanza ni langu.

Sikuleta donati.

Mwanao,
Delphine