Sabini na Tisa ya Pili

Jumamosi, 1 Machi

Mwalimu amehamia rasmi chumba changu cha kushonea. Tangu mume wangu astaafu, kiti cha wateja ni chake. Anakaa, ananikagua. Leo nilikuwa nakata sketi ya duara. Nagawa kiuno kwa sita, napunguza kidogo, naweka mkasi — ndivyo mama alivyonifundisha. Akauliza, kidogo kiasi gani? Kidogo tu, nikamwambia. Akafurahi kama mtu aliyeokota kitu. Eti hicho "kidogo" changu ndiyo pai yenyewe, ile namba ya kupimia duara. Haina mwisho, haijirudii, watu wameisaka maelfu ya miaka, na mimi naikata kwa kukadiria. Nikajifanya sijali. Lakini nimeandika hapa, nyuma ya daftari la vipimo, ambako hafungui.

Jumanne, 4 Machi

Mkuu wa shule yake ya zamani amemwalika siku ya pai, tarehe kumi na nne. (Alimfundisha huyo mkuu. Anasema alikuwa mvivu.) Wenye siku yao, huko ng'ambo, huandika mwezi kabla ya tarehe, ndipo wapate tatu nukta moja nne. Sisi tunaanza na tarehe, nikasema, kwa hiyo mnasherehekea kinyumenyume. Akajimiminia chai nyingine.

Atataja tarakimu mia moja baada ya nukta, kwa kichwa, mbele ya shule nzima. Akifika salama, darasa la ziada la kila Jumamosi ni lake. Hasemi kama analitaka. Ila amepiga pasi mashati manne kwa mkono wake — mtu ambaye hajui pasi inakaa wapi!

Nikamuuliza mia za nini. Anasema arobaini tu zinatosha kupima mzunguko wa ulimwengu wote unaoonekana, usikosee hata upana wa atomu moja. Na sitini zilizobaki? Za kuringia, akasema.

Jumapili, 9 Machi

Mimi ndiye mshika karatasi anapofanya mazoezi. Anaenda vizuri: saba tisa, tatu mbili, tatu nane… Halafu mbele inakuja saba tisa nyingine. Baada ya hiyo inatakiwa hamsini. Yeye anarudi tatu mbili, tatu nane, anazunguka tena palepale, raha mustarehe. Alizunguka mara tatu. Nilicheka mpaka machozi. Umesema haijirudii, nikamwambia, mbona wewe unajirudia?

Akajitetea kwa hadithi ya mtu wa zamani aliyehesabu tarakimu mia saba na saba kwa mkono, miaka na miaka, kumbe ya mia tano ishirini na nane alikosea, na akafa bila kujua. Nikasema mkewe alijua.

Jioni aliniuliza kama amekunywa dawa ya presha. Amekunywa, nikamwambia. Baada ya kuosha vyombo akaniuliza tena. Sikucheka. Niliogopa, na bado naogopa.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata njia. Zile tarakimu ukizishika mbili mbili ni vipimo vya watu! Tisini na mbili nyonga, sitini na tano kiuno: binti wa duka la dawa. Themanini na tisa kifua, sabini na tisa kiuno: mpishi. Ile sabini na tisa ya pili si mpishi tena, ni muuguzi — na muuguzi mkono wa gauni lake, toka begani, ni hamsini. Mwalimu alisema ni kuidhalilisha hesabu. Saa nzima baadaye namsikia bafuni: mpishi… muuguzi, mkono hamsini. Akapita.

Mwenzangu anayeshona sare za shule kanidokezea. Kamsikia mkuu akimwambia karani kwamba kwanza anataka kuona kama mzee bado yuko sawa kichwani. Sijamwambia Mwalimu. Yeye kaniapisha nisimsaidie, hata kwa jicho. Nimeapa.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika hapahapa ukumbini, daftari mapajani. Safu ya mbele. Mwalimu kavaa shati la pili kati ya yale manne. Mkuu ameshika karatasi, anafuatisha kwa kalamu.

Kaanza. Sauti ileile ya darasani.

Binti wa dawa, kapita. Mpishi, kapita.

Nne sita. Mbili sita. Nne tatu. Natembea naye. Kumbe nazijua zote, mimi ninayekadiria!

Tatu nane. Tatu mbili. Saba tisa.

Kasimama.

Kalamu ya mkuu nayo imesimama. Kuna mtoto amekohoa. Mwalimu ameanza kusema "tatu" — hapana, kafumba mdomo. Anajua kwamba si hiyo. Sasa ananitafuta kwa macho, yeye aliyeniapisha, na kanipata.

Mkono wangu wa kushoto uko bega la kulia. Unashuka taratibu kwenye mkono wa gauni, kama ninavyompima muuguzi.