Mlango wa Chumba cha Mashine

Al Khoudh, Maskati

Mjukuu wangu Salma, asalaam alaykum. Sisi wazima, ila babu yako haoni tena, na nyumba imepoa.

Umeniuliza huko Johanesbagi kampuni yenu ya kompyuta iwasaidie vipi watu weusi wasimame wenyewe. Mie nnakumbuka ujana wangu, nilipofanya kazi kampuni ya simu ya kigeni hapa hapa. Walitufundisha kubonyeza tu. Mashine ikiharibika, wakijifungia chumba cha mashine wakitengeneza wenyewe. Siku walipoondoka kurudi kwao moja kwa moja tuliwafukizia udi, kama wageni wanaoaga, na wengine tukalia. Mashine zilipozimika tukabaki tunazitazama kama maiti.

Nyinyi mkitengeneza, mwanangu, mlango mnauacha wazi?

Bibi yako,
Zuwena