Darubini na Mashine ya Kahawa

Ihanda

Mjukuu wangu Ambakisye, mume wangu wa huko Dodoma,

Huku tupo, ila si sana. Mvua imegoma, na babu yako hainuki tena kitandani bila kushikwa mkono.

Umeniuliza utamjuaje mtengenezaji mzuri wa darubini kabla hujatoa akiba yako yote. Mimi nyota naziangalia kwa macho haya haya. Ninachokijua ni mashine ya kumenya kahawa.

Nikiwa msichana nilikwenda na baba Tunduma kuinunua. Duka la kwanza lilijaa mashine za wateja zilizofunguliwa, na fundi wao alikuwa na grisi hadi viwikoni. Baba akaninong'oneza, "Twende. Za hawa zinaharibika." Duka la pili lilikuwa safi, halina hata mashine moja mbovu. Tukanunua hapo.

Gia ilivunjika katikati ya mavuno. Baba akairudisha dukani. Muuzaji akampa kiti, akamwambia kwa upole, "Mzee, sisi tunauza tu. Vipuri hatuna." Kahawa yetu ikachachia kwenye magunia. Mwaka ule niliacha shule, na hayo tuyaache.

Kila mashine huharibika, hata ya kutazamia mwezi. Waandikie hao watengenezaji, uwaulize zilizoharibika wanazipokelea wapi, na nani anazifungua. Wakikaa kimya sasa, wakati bado wanaitaka pesa yako, baadaye je?

Babu yako anaulizia kila siku ule mwezi uliomwahidi kumwonyesha kwa darubini. Chagua vizuri, mume wangu. Yeye hana muda wa kungoja vipuri.

Bibi yako