Kinanda Kimerudi Dukani

Leonsia, soma hii sasa hivi. Natoka dukani kwa Lwakatare, yule kiongozi wa bendi yetu ya zamani, hapa Mabatini.

Anauza kinanda kama kile chetu cha bendi! Aina ileile yenye vitufe vya kuzungusha. Kiwandani wameanza kukitengeneza tena, naye amekiweka mbele kabisa.

Anamwambia mteja, "Hii ndiyo sauti yenyewe. Vinanda vya kisasa havina roho."

HAVINA ROHO! Lwakatare huyuhuyu!

Mwaka 94 alisemaje? Soko huria limeingia, maduka yamejaa vinanda vipya, akasimama mbele ya bendi nzima: "Prudencia, wewe na hilo kabati lako mmepitwa na wakati." Eti kikipata joto sauti inahama, nawachelewesha nikikirekebisha. Na mimi nilikuwa nakipepea kwa khanga kama mgonjwa, unakumbuka? Akakitupa. Na mimi akanitupa siku hiyohiyo.

Leo ananiona, anachekelea. "Dada Pru! Si wamefanya vizuri kukirudisha?"

Nikamjibu palepale, mteja anasikia: "Ulitufukuza wawili siku moja. Mbona umemrudisha mmoja?"