Mgrevilea au Podo kwa Ajili ya Mama

Al-Malqa, Riyadh,
14 Machi 2025.

Mpendwa kaka Dancan,

Hamjambo huko Molo? Jicho la mama linaendeleaje tangu upasuaji? Na mkeo Roselyne, kikohozi kimemwachilia? Mimi mzima, ila uchovu umenizidi. Ni Ramadhani, na nyumba hii hupokea wageni wa futari kila siku. Miguu imevimba hadi ndara hazinitoshi.

Nimeiona picha ya shimo la mti wa kivuli cha mama ulilochimba upande wa mashariki wa nyumba. Kosa ni langu, nisamehe. Hapa mtu hukimbia jua tangu asubuhi, nami nikakuagiza kama mtu wa hapa. Mama alinipigia simu akanisuta, "Truphena, unataka nigande? Jua la asubuhi ndilo blanketi langu!" Nilicheka, kisha nikaona aibu. Miaka saba imenisahaulisha baridi ya kwetu. Fukia hilo shimo, uchimbe magharibi, ili kivuli kimfikie alasiri, jua linapomuumiza jicho.

Sasa mti wenyewe. Wewe unataka podo, na sikatai, ni mti wa heshima. Haubabaishwi na sakitu wala upepo. Lakini kivuli chake ni kizito; kwa baridi ile mama atakaa chini yake na makoti mawili. Mgrevilea una uchafu wa majani na matawi yake huvunjika ovyo, kwa hivyo uupande mbali na mabati. Mche ukiwa mchanga uufunike kwa gunia mwezi wa Julai, sakitu isije ikauunguza. Ila kivuli chake ni chepesi, jua hupenya, na baada ya miaka mitatu minne mtu anakaa chini yake.

Najua utaniambia haraka haraka haina baraka. Podo utakula miaka ishirini, Dancan, na mama ana themanini na mmoja. Mvua ikianza, panda mgrevilea.

Jambo lingine. Madam wa nyumba hii ameniletea karatasi za mkataba wa kazi wa miaka mingine miwili nitie sahihi. Nimemwambia halas, basi, imetosha. Amenuna, leo siku ya nne hanisemeshi, na ikama yangu, kile kibali cha kuishi hapa, inaisha Juni. Sikufichi, naogopa. Lakini nimeona nitakuwa mjinga nikimharakishia mama mti, halafu mimi mwenyewe nichelewe.

Nisalimie Roselyne na mjomba Elijah. Mungu awatunze nyote, na mama amwachie macho ya kuniona nikiingia langoni.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Truphena