Chupa Iliyo Kwenye Droo ya Cherehani

Kinyozi, mlango wa tatu,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
9 Machi

Mpendwa mpwa wangu Chiriku,

Hujambo? Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaiandika, marahaba sana. Mumeo hajambo? Mapacha wameshaota meno? Huku tunaendelea vizuri, ila mama yako alitokwa na damu puani wiki iliyopita. Usiruke! Imekata, anakula, anagomba. Dada yangu akigomba ujue yu mzima.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu ninayokupigia ni ya mama yako, naye huiweka sauti ya juu, na haya si ya kusikilizwa na nyumba nzima. Dereva wa lori aliyetuletea mzigo wako ndiye atakayekufikishia.

Mzigo ulifika salama. Viatu vyangu vimenikaa kama nilizaliwa navyo, na mtaa mzima umeshapewa habari. Na ile chupa ya vitamini E uliyomnunulia mama yako kwa ajili ya moyo, vidonge rangi ya asali, vinang'aa kama shanga! Unanijua mjomba wako, nimetembea, nimepika hadi melini, maandishi ya chupa hayanitishi. Nikayasoma kwa sauti, nikaona kipimo cha kila kidonge ni mia nne, nikamwambia dada, "Kimoja ni cha watoto. Wewe meza viwili."

Hapo ndipo nilipoharibu, wala si hapo tu. Kule kliniki, nesi aliuliza kama anatumia kitu kingine zaidi ya ile dawa yake ya kuzuia damu isigande. Nikamjibia mimi: "Hana kingine, nesi." Sikudanganya. Kwangu mimi vitamini ni chakula, kama karanga. Na dada naye akaitikia kwa kichwa.

Basi Jumatatu ile pua ikamwaga damu saa nzima, taulo mbili. Kliniki wakapima, damu imekuwa nyepesi kupita kiasi. Ndipo chupa ikatajwa. Nesi akanigeukia. "Na wewe ndiye msemaji wake?" Nikaangalia chini, nikaviona viatu vyangu vipya.

Kesho yake mfamasia akaja kunyoa, nikamweleza yote, nikambana kwa maswali. Mtu aliye chini ya wembe hasemi uongo.

"Fundi," akasema, "mwili unaihitaji vitamini E, lakini kidogo tu. Anayekula karanga, mafuta ya alizeti na mboga za majani kwa kawaida anaipata."

"Na moyo je? Wanasema inaulinda."

"Ilidhaniwa hivyo. Wakajaribiwa watu maelfu kwa miaka, nusu wakapewa vidonge vyenyewe, nusu vitupu vya kufanana navyo. Kwenye maradhi ya moyo haikuonekana faida."

"Basi hata kama haisaidii, haidhuru."

"Kwa wingi ule, juu ya ile dawa ya dada yako? Inamwongezea hatari ya kutokwa damu. Na wewe, unameza?"

Nikajifanya natafuta brashi. Nilikuwa nameza, nywele ziote. Wiki tatu, Chiriku, na kichwa changu bado ni kioo cha wateja.

"Kuna utafiti," akaendelea, "wanaume waliomeza nyingi kwa miaka, saratani ya tezi dume iliongezeka kidogo." Nikageuka ghafla na wembe mkononi, naye akashika sikio lake upesi. Sijameza tena.

Lakini mama yako hataki kuacha. Nesi kamkataza, mimi nimempigia magoti, ananijibu, "Mwanangu hawezi kunitumia sumu. Wewe unavitaka vya nywele zako." Nikajaribu kuiiba chupa. Akaihamishia kwenye droo ya cherehani, ufunguo akautia kifuani. Jana asubuhi niliisikia ikichezacheza mle ndani, kisha maji yakamiminwa kwenye glasi.

Wewe huna kosa. Ulituma mapenzi, mimi nikayazidisha kipimo. Ila barua hii ikikufika, kabla hujavua viatu, mpigie. Usimwambie "mjomba kasema", maana jina langu kwenye mambo ya dawa limeshaoza. Mwambie wewe mwenyewe umegundua havimfai, aache leo, na chupa ampe nesi. Na nyingine usitume. Tarehe 20 anapimwa tena, nami nimeapa sitafungua mdomo ila kutoa salamu.

Msalimie mumeo, mapacha wabusu vichwani kwa niaba yangu, maana wao wana nywele. Mke wangu anakusalimu, na mapishi ya karanga kayaongeza mara mbili. Mungu awafungulie njia na kuwafungia maradhi.

Fanya haraka, mwanangu. Maneno ya nesi kayatema, yangu kayatema. Neno lako atalimeza hata bila maji.

Mjomba wako akupendaye, kichwa kitupu moyo tele,
Wembe