Mwalimu Bujiku alipoinuka

Zuhra, nimetoka ukumbini Kalangalala sasa hivi, kwenye onyesho la Lusia.

Lusia kashika sello yake, ile fidla kubwa, jukwaani, akasema, "Naomba mwalimu aliyenifikisha hapa asimame." Mwalimu Bujiku akafunga kifungo cha koti, akainuka. Si ndiye kamfundisha sello miaka tisa pale Ushirombo!

Lusia akanyoosha mkono kwa yule Mzungu aliyemfundisha kwenye semina ya wiki mbili.

Wiki mbili, Zuhra!

Mwalimu alishasimama, watu wote wanamwangalia. Akaanza kupiga makofi, kama vile aliinukia hilo.

Tunatoka, Lusia akamkabidhi Mwalimu sello: "Shikamoo mzee, nishikie kidogo nipige picha."

"Marahaba."

Nimemwacha mlangoni, kaiinamia, anamkazia Lusia nyuzi zilizolegea.